Nani Aliyebeba Kamera? Historia ya Kilimanjaro Nyuma ya Picha Zake

Miaka michache iliyopita nilipanda Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Marangu. Nilikwenda kama wengi wa rika langu wanavyokwenda, yaani kwa kuchelewa. Nimezaliwa katika nchi hii, nimefundisha historia yake kwa zaidi ya miaka kumi, nimesahihisha mamia ya insha zinazotangaza katika sentensi ya kwanza kwamba Kilimanjaro ni mlima mrefu kuliko yote barani Afrika, lakini nilikuwa sijawahi kukanyaga hata geti la hifadhi. Nilichukua kamera ya kuazima na kwa siku sita nilipiga kila kilichonisimamisha: msitu wenye ndevu za kijani zinazoning'inia matawini, ile mimea mikubwa ya nyanda za juu iliyosimama kwenye ukungu kama wazee wenye mablanketi, jangwa la mawe lililo kati ya Mawenzi na Kibo, na hatimaye kibao cha kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, nami nikiwa chini yake, midomo imepasuka, nikitabasamu.

Niliporudi chuoni niliona picha zile zingefaa katika mhadhara wa historia ya uvumbuzi na ukoloni. Nikazionyesha darasani, moja baada ya nyingine, nikieleza majina ya vituo na miinuko yake. Katika picha ya kumi na kitu, mwanafunzi wa kike aliyekaa safu ya nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, huyu aliyebeba begi lako anaitwa nani?"

Nikatazama picha. Kweli, pembeni, karibu na ukingo, alionekana kijana ameinama, mzigo kichwani, mgongo kwetu. Nilikula chakula alichokibeba. Nililala katika mfuko wa kulalia alioupandisha. Siku ya tatu, nilipoanza kuhema kwa shida, ni yeye aliyenipungia mkono na kuniambia, "Pole pole, mwalimu, mlima haukimbii." Sikuwa na jina lake. Nilipopekua picha zote usiku ule, niligundua kuwa wapagazi wanne walioniwezesha kufika walionekana katika picha kumi na moja kati ya zaidi ya mia tatu, na katika hizo kumi na moja hakuna hata moja niliyopiga kwa ajili yao. Walipita tu mbele ya mandhari.

Makala hii ni jaribio la kulijibu swali la mwanafunzi yule kwa njia anayostahili kujibiwa mwanafunzi wa historia. Picha yangu haikuwa ajali. Ina ukoo, na ukoo huo una umri unaokaribia karne mbili.

Neno "baridi"

Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Mjerumani aliyetumikia Chama cha Kimisionari cha Kanisa la Uingereza, Johannes Rebmann, aliona kitu cheupe juu ya mlima alipokuwa njiani kuelekea Uchagani. Vitabu vya shule vimetufundisha kuwa siku hiyo Kilimanjaro "iligunduliwa". Lakini Rebmann hakutoka pwani peke yake. Msafara wake uliongozwa na Bwana Kheri, mtu wa pwani aliyezijua njia za bara kwa sababu ya biashara. Na katika simulizi yake mwenyewe Rebmann anakiri kuwa alipomuuliza mwenyeji wake kitu kile cheupe ni nini, aliambiwa kwa neno moja la Kiswahili: baridi.

Tulitafakari neno hilo. Wasomi wa London walibishana kwa miaka kadhaa kuhusu kama theluji inaweza kuwako karibu na Ikweta. Mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kufika Afrika Mashariki, aliuandikia umma kwamba Rebmann alidanganywa na macho yake. Ubishi haukunyamazishwa hadi Baron Karl Klaus von der Decken alipokwenda mwaka 1861 pamoja na mjiolojia Richard Thornton, kisha tena mwaka 1862 pamoja na Otto Kersten, na kupanda hadi zaidi ya mita 4,000. Muda wote huo maarifa yalikuwapo. Wafanyabiashara wa misafara walijua kuna baridi kali kule juu. Wachagga walioishi kwenye miteremko na kunywa maji ya mlima ule kupitia mifereji yao waliyajua mengi zaidi. Kilichokosekana ni mtu ambaye maandishi yake yangekubaliwa na jumuiya ya wasomi wa Ulaya.

Hapo ndipo tunapokutana kwa mara ya kwanza na kanuni itakayotawala historia yote ya mlima huu: anayeijua njia na anayeandika kuhusu njia ni watu wawili tofauti, na historia humkumbuka wa pili.

Mnyororo wa chakula

Mfano mkubwa zaidi wa kanuni hiyo ni mwaka 1889. Hans Meyer, mrithi wa familia ya wachapishaji wa vitabu wa Leipzig, alikuwa ameshindwa mara mbili. Mwaka 1887 alifika kwenye ukuta wa barafu akakosa vifaa vya kuupanda. Mwaka 1888 hakufika hata mlimani: vita vya Abushiri vilikuwa vimepamba moto pwani, naye na mwenzake Oscar Baumann walikamatwa na kuachiliwa baada ya kulipiwa fidia. Mara ya tatu alikuja na Ludwig Purtscheller, mwalimu wa mazoezi ya viungo kutoka Austria aliyekuwa bingwa wa milima ya Alpi. Tarehe 3 Oktoba walifika kwenye ukingo wa kasoko, wakarudi kwa uchovu, na tarehe 6 Oktoba 1889 wakasimama kwenye ncha ya juu kabisa. Meyer akaiita Kaiser-Wilhelm-Spitze, Kilele cha Mfalme Wilhelm.

Waandishi wengi husifu ujasiri wa watu hawa wawili, na ni kweli walikuwa jasiri. Lakini ukisoma maelezo ya safari yenyewe unaona kuwa jibu la swali "kwa nini safari hii walifaulu?" liko jikoni. Waliotangulia walishindwa, pamoja na sababu nyingine, kwa sababu chakula kiliisha kabla ya mlima kuisha. Meyer alipanga vituo kwa ngazi: kambi ya chini Marangu kwa Mangi Marealle, kambi ya kati, na kambi ya juu kabisa kwenye zaidi ya mita 4,000. Kati ya vituo hivyo wapagazi walipanda na kushuka wakipeleka chakula kibichi kutoka mashambani ili Wazungu wawili waweze kukaa juu na kujaribu tena na tena. Kule juu kwenye kambi ya mawe na upepo, aliyebaki nao alikuwa Mwini Amani, mtu wa Pangani. Ndiye aliyewapikia na kulinda kambi walipokuwa kwenye barafu.

Kwa maneno mengine, kilele cha Kilimanjaro kilifikiwa kwa mnyororo wa watu, na pete za chini za mnyororo huo zilikuwa vichwa na mabega ya Waafrika. Mnyororo ukikatika popote, hakuna bendera kileleni. Lakini mnyororo haupigwi picha. Kinachopigwa picha ni pete ya mwisho.

Mwaka 1989, wakati wa kuadhimisha miaka mia moja ya safari hiyo, mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu alitambuliwa kuwa ndiye kijana aliyemwongoza Meyer, akajengewa nyumba na kuheshimiwa. Aliaga dunia mwaka 1996, akisemekana kuwa na umri wa miaka 125. Wapo wanaotilia shaka simulizi hiyo, wakipiga hesabu ya umri na kutaja ukimya wa maandishi ya wakati ule. Sitaki kuuamua ubishi huo hapa. Ninachotaka msomaji akione ni hiki: ubishi wenyewe umewezekana kwa sababu hakuna aliyejali kuandika. Tunajua tarehe na saa ambazo Meyer alisimama kileleni. Tunajua jiwe alilookota pale lilipelekwa kwa Mfalme Wilhelm II na kuwekwa ukutani katika jumba la kifalme la Potsdam. Jiwe lilipata anwani. Vijana wa Marangu waliofanya kazi hiyo hawakupata hata mstari mmoja usio na utata.

Mlima unaobatizwa

Kuna hadithi maarufu kwamba Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake mlima huu siku ya kuzaliwa, na ndiyo maana mpaka wa Kenya na Tanzania unapinda. Wanafunzi wangu huipenda sana. Si kweli. Mpaka ulichorwa kwa makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886, katika mvutano wa kawaida wa mabeberu wawili waliogawana maeneo, mmoja akitaka Mombasa na mwingine akiwa tayari na mikataba ya kilaghai Uchagani. Naitaja hadithi hiyo kwa sababu hata uongo wake unafundisha: ndani yake mlima ni kitu cha kupeana, kama saa au farasi, na hakuna mtu anayeishi juu yake.

Baada ya mpaka yakaja majina. Vibanda vya wapandaji vya njia ya Marangu vilipojengwa wakati wa Wajerumani, kimoja kilipewa jina la Bismarck na kingine jina la Carl Peters. Huyo Peters ni yule yule ambaye akiwa kamishna wa Kilimanjaro aliamuru kunyongwa kwa mtumishi wake Mabruk mwaka 1891 na mwanamke aitwaye Jagodia mwanzoni mwa 1892, ukatili uliomfukuzisha kazi mwaka 1897 hata na serikali yake mwenyewe. Fikiria mpagazi wa Kichagga wa zama zile akipandisha mzigo kuelekea kibanda chenye jina la mnyongaji wa jirani zake.

Leo vibanda hivyo vinaitwa Mandara na Horombo. Mandara ni jina jingine la Mangi Rindi wa Moshi, na Horombo ni mtawala wa Keni aliyetamba upande wa mashariki mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa na kujenga ngome za mawe. Nililala katika vituo hivyo vyote viwili. Kwenye kituo cha Horombo niliwauliza wapandaji wenzangu, Watanzania watatu na wageni kadhaa, kama kuna anayejua Horombo alikuwa nani. Mmoja akadhani ni jina la ua. Kubadili jina ni hatua ya kwanza, lakini jina lisiloelezwa hubaki kibao tu.

Mti wa Old Moshi

Mtu hawezi kuandika historia ya njia za Kilimanjaro bila kusimama Old Moshi. Mangi Meli, mwana wa Rindi, aliwashinda Wajerumani vitani mwaka 1892, na mwaka uliofuata alishindwa na kikosi kikubwa zaidi. Tarehe 2 Machi 1900 alinyongwa hadharani kwenye mti pamoja na viongozi wengine zaidi ya kumi, kwa tuhuma za kula njama dhidi ya utawala. Familia yake inaamini kuwa kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, na kwa miaka mingi wazao wake wamekuwa wakikitafuta.

Msomaji atauliza: haya yanahusianaje na kupanda mlima na kupiga picha? Yanahusiana kwa sababu yalifanyika katika muongo mmoja, kwenye mteremko mmoja, kwa mkono wa dola moja. Katika zama hizo barafu ilipigwa picha, ncha zikapimwa, mimea ikakaushwa na kuwekwa kwenye makabati, na mafuvu ya watu nayo yakapakiwa kwenye makasha na kupelekwa kwenye makumbusho yale yale. Mwezi Septemba 2023 taasisi inayosimamia makusanyo ya Berlin ilitangaza kuwa vipimo vya vinasaba vimeoanisha mafuvu matatu na jamaa wanaoishi Tanzania leo. Mojawapo linahusishwa na Akida, mshauri wa Mangi Meli. Kichwa cha Meli mwenyewe hakikupatikana katika matokeo hayo.

Basi tunapozitazama picha nzuri za kale za Kibo, nyeupe na tulivu, inatupasa tujue zilipigwa katika nchi ya namna gani. Utulivu ule ulikuwa na bei, na kuna familia Uchagani ambazo hadi leo hazijamaliza kuilipa.

Mwenge na picha mpya

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliweka mwenge na kusimika bendera ya Tanganyika huru kileleni. Miaka miwili kabla, Mwalimu Nyerere alikuwa amelieleza wazo hilo katika Baraza la Kutunga Sheria: mwanga uwashwe juu ya Kilimanjaro, umulike hata nje ya mipaka, ulete matumaini palipojaa kukata tamaa. Kilele kikaacha kuwa cha Mfalme Wilhelm na kikawa cha Uhuru.

Picha ya Nyirenda akiwa na mwenge na bendera ni miongoni mwa picha muhimu zaidi katika historia yetu. Kwa mara ya kwanza taifa zima lilimtazama Mwafrika mwenye jina akiwa katikati ya picha ya mlima huu, amesimama wima, uso kwetu. Kila ninapoionyesha darasani hunipa fahari isiyopungua. Lakini swali la mwanafunzi wangu halina upendeleo wa kizalendo. Mwenge, bendera, chakula na mahema vilibebwa na nani? Nimewauliza wanafunzi wa miaka minne mfululizo kama wanaweza kutaja jina la mtu mwingine mmoja aliyekuwa katika msafara ule. Hakuna aliyeweza. Mimi, mwenye shahada ya uzamivu katika somo hili, siwezi pia.

Kuna kejeli nyingine. Mwaka 1926 karibu na ukingo wa kasoko alikutwa chui aliyekufa na kuganda kwenye baridi. Mchungaji Richard Reusch, mmisionari wa Kilutheri, alimpiga picha. Mahali pale pakaitwa kwa jina la chui. Na mwaka 1936 mwandishi wa Marekani Ernest Hemingway akamweka mwanzoni mwa hadithi yake maarufu kuhusu theluji za Kilimanjaro. Mzoga wa chui una mwaka, una picha, una mahali kwenye ramani. Ni wapagazi wangapi waliofia mlimani wenye hayo matatu?

Hifadhi, mpaka na mzigo

Kilimanjaro ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1973, ikafunguliwa kwa wageni mwaka 1977, na mwaka 1987 ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Hifadhi ya awali ilianzia juu ya msitu. Mwaka 2005 ilipanuliwa na kumeza hifadhi ya msitu iliyokuwa chini yake. Katika msitu huo kulikuwa na ukanda wa nusu maili ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1941 ili wanavijiji wapate kuni, majani ya mifugo na mbao bila kuingia ndani zaidi. Ukanda ule nao ukaingizwa hifadhini.

Nawaandikia watumishi wa umma pia, hivyo nitasema kwa haki. Sababu za kuulinda msitu ule ni nzito. Msitu ndio unaonasa mvua na ukungu na kulisha mito inayotegemewa hadi bonde la Pangani. Ukataji miti haramu ulikuwa tishio la kweli. Lakini mama wa Rombo au Kibosho anayekata majani ya ng'ombe wake alipotazamwa kuwa mvamizi katika mahali ambapo nyanya yake alitambuliwa kuwa mtumiaji halali, hata kwa sheria ya mkoloni, kuna jambo ambalo lilipaswa kuelezwa na kujadiliwa kwa subira zaidi. Mpaka ule ulimgeuza mwenyeji kuwa mtu anayeweza kuingia mlimani kihalali kwa njia kuu mbili: awe mtalii mwenye tiketi, au awe mpagazi mwenye mzigo.

Na mzigo ndio mlango wanaopita wengi. Kwa kanuni za sasa mpagazi hapaswi kubeba zaidi ya kilo 20 za mizigo, na mizigo hupimwa getini. Ni maendeleo makubwa ukilinganisha na miongo iliyopita, na yamepatikana kwa sababu wapagazi wenyewe na watetezi wao walipiga kelele juu ya ujira, mavazi, chakula na mahali pa kulala. Hata hivyo kila mwaka, katika mlima unaopandwa na makumi ya maelfu ya wageni, kuna wapagazi wanaopanda na viatu vilivyochoka, wanaolipwa chini ya makubaliano, na wanaotegemea bakshishi ambayo hupitia mikono mingi kabla ya kuwafikia.

Mwezi Agosti 2022 intaneti ya kasi ilizinduliwa mlimani, ikafika Horombo kwenye mita 3,720, kwa azma ya kuipandisha hadi kileleni. Sasa picha ya ushindi inaweza kuifikia dunia kabla mpandaji hajaanza kushuka. Sina ugomvi na hilo; intaneti hiyo inaweza pia kuokoa maisha ya mtu aliyezidiwa. Nabainisha tu kwamba mnyororo wa mwaka 1889 haujabadilika sana. Kilichobadilika ni kasi ya kuipeleka dunia picha ya pete ya mwisho.

Picha inapokuwa shahidi

Je, tuache kupiga picha? Hapana. Katika mlima huu huu kamera imefanya kazi ambayo hakuna kiungo kingine cha kumbukumbu kingeweza kuifanya.

Mwaka 1912 Wajerumani Eduard Oehler na Fritz Klute walifika kwenye ncha ya Mawenzi kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu zilizoandikwa, na katika safari hiyo Klute alipiga picha za kupimia ambazo zilimwezesha kuchora ramani makini ya mlima. Kutokana na kazi hiyo wanasayansi wanajua kuwa mwaka huo barafu ya Kilimanjaro ilifunika takriban kilomita 12 za mraba. Mwaka 1930 rubani Mswisi Walter Mittelholzer aliruka juu ya Kibo na kupiga picha za angani. Zikilinganishwa na picha za baadaye, za ndege na za setilaiti, zinasimulia jambo moja: kufikia mwaka 2011 barafu iliyobaki ilikuwa chini ya kilomita 2 za mraba. Wataalamu wanajadili ni kiasi gani kimesababishwa na hewa kuwa kavu na ni kiasi gani kimesababishwa na ongezeko la joto duniani, lakini upungufu wenyewe hauna mjadala. Tunaujua kwa sababu mtu alipiga picha, akaandika tarehe, akaeleza alisimama wapi, na taasisi ikaitunza.

Hilo ndilo somo ninalolichukua. Klute aliiheshimu barafu kiasi cha kuiandikia tarehe na vipimo, na ndiyo maana leo barafu inaweza kudai haki yake mbele ya mikutano ya dunia. Waliobeba vyombo vyake vizito hawakuandikiwa kitu kama hicho, na ndiyo maana wajukuu wao hawana cha kuonyesha. Kumbukumbu ni haki, na haki hiyo ilitolewa kwa barafu kabla ya kutolewa kwa watu.

Tufanye nini?

Kwa wanafunzi: andikeni majina. Ukipanda mlima wowote, Kilimanjaro, Meru, Rungwe au Uluguru, muulize anayekuongoza na anayekubebea jina lake na kijiji chake, na kama angependa kupigwa picha. Akikataa, heshimu. Akikubali, mpige akiwa amesimama, uso kwako, kisha mpelekee nakala. Picha isiyo na jina na tarehe ni pambo. Ikiwa na jina, tarehe na mahali inakuwa hati. Wenye babu waliopandisha wageni miaka ya 1950 na 1960, kaeni nao mwaka huu, msingoje likizo ya mwakani. Simulizi hizo zinakwisha kwa kasi kuliko barafu.

Kwa wanaharakati: mazungumzo na Ujerumani yasiishie kwenye mafuvu na vifaa vya makumbusho, ingawa hayo yatangulie. Huko kuna picha, shajara na orodha za misafara. Sehemu ya urithi wa Hans Meyer imo katika taasisi ya jiografia ya Leipzig. Orodha ya malipo ya wapagazi inaweza kuwa karatasi chakavu kwa mhifadhi wa huko, lakini kwa familia moja ya Pangani au Marangu ni hati ya ukoo.

Kwa watumishi wa umma: kila msafara unaoingia getini unasajiliwa, mgeni na mpagazi. Majina tayari yapo. Kinachohitajika ni uamuzi wa kuyatunza kama kumbukumbu ya taifa, na vibao vichache vya Kiswahili kwenye vituo vinavyoeleza Mandara alikuwa nani, Horombo alikuwa nani, Meli alinyongwa lini na kwa nini. Gharama yake ni ndogo kuliko gharama ya tamasha moja.

Nami? Wiki ile ile ya mhadhara nilimpigia simu kiongozi wetu wa mlimani. Nilijieleza kwa aibu. Akacheka kidogo, akasema, "Mwalimu, wengi hupiga simu kuulizia kofia waliyoisahau." Kisha akanitajia majina matatu bila kusita. La nne, la yule kijana wa pembeni mwa picha, alilazimika kuuliza, kwa maana alikuwa ameajiriwa kwa safari ile moja tu na baadaye akahamia mjini kuendesha bodaboda. Baada ya siku mbili likaja kwa ujumbe mfupi. Sitayaandika hapa majina hayo, kwa kuwa sijawaomba wenyewe ruhusa ya kuyatangaza. Lakini nimeyaandika nyuma ya picha, kwa kalamu isiyofutika, pamoja na tarehe na mahali.

Muhula uliofuata nilimwita mwanafunzi yule mbele ya darasa, nikamjibu swali lake.